Mauser 98 kwa kazi ya porini: nunua ukucha, usinunue jina

Anayepanda Meru kutokea geti la Momella hutembea na askari mwenye bunduki, maana nyati wa Hifadhi ya Arusha hawajui ratiba ya watalii. Wanaoongoza matembezi ya miguu, na wawindaji wa leseni wanaoanzia safari zao mjini Arusha, huuliza swali lile lile wanapotafuta bunduki kubwa: nichukue ya kisasa au Mauser ya zamani? Hapa tunaipima hiyo ya zamani, yaani Mauser 98 iliyogeuzwa kuwa bunduki ya uwindaji, hasa ile ya risasi ya .375 H&H Magnum.

Jibu tunaliweka juu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Mtambo wenyewe, kama ulivyotoka mikononi mwa aliyeubuni, tunaupa tisa kwa kumi. Mauser nyingi za .375 zinazouzwa mkono wa pili hatuzipi hata tano. Zilizaliwa bunduki za jeshi, kisha fundi akazilazimisha kubeba risasi ambayo hazikupimiwa. Kila mahali chuma cha Mauser kilipokatwa ndipo utakapokuja kulia.

Tuanze na unachonunua. Ni komeo. Johann Nicolaus von Dreyse, fundi wa Sömmerda huko Ujerumani, alitengeneza bunduki inayofungwa kwa nyuma na kipande cha chuma chenye mkono: unakisukuma mbele, unakilaza kulia, kimefunga, sawasawa na komeo la mlango. Prussia waliikubali mwaka 1841. Wazo la risasi iliyokamilika yenyewe, yaani baruti, fataki (kiwashio cha baruti) na kichwa vikiwa kitu kimoja, alikutana nalo Paris alipokuwa akifanya kazi kwa Mswisi Jean Samuel Pauly. Kasoro ya Dreyse ilikuwa sindano. Fataki ilikaa nyuma ya kichwa cha risasi, kwa hiyo sindano ilibidi itoboe karatasi na baruti yote ndiyo iifikie. Ikawa inabaki katikati ya moto kila mlipuko, inaungua, inakatika. Na moto mwingine ulivujia nyuma, usoni kwa askari.

Paul Mauser wa Oberndorf, aliyezaliwa 1838, alitumia maisha yake kuziba mivujo hiyo mmoja baada ya mwingine. Modeli ya 1871 ilikuja na ganda la shaba na risasi moja moja. Ya 1892 ikaleta ukucha wa kushika risasi. Ya 1893, waliyonunua Wahispania, ikaficha magazini, yaani sanduku la risasi, yote ndani ya kitako. Ya 1898 ikavikusanya vyote na kuongeza ulinzi wa gesi. Wamarekani walioonja ile ya 1893 kule Kuba walirudi kwao wakatengeneza Springfield ya 1903 iliyofanana nayo mno, hadi serikali yao ikamlipa Mauser dola 200,000 za hataza.

Huku kwetu historia hiyo ilipita kwa miguu. Boma la Arusha lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, na askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, wa enzi zile walibeba modeli ya 71, ya baruti nyeusi. Hata vita ilipoanza 1914 kampuni nyingi zilikuwa bado nayo, ingawa Mfaransa Paul Vieille alishapata baruti isiyo na moshi tangu 1884. Ukipiga moja, wingu linasimama juu ya kichwa chako kumwonyesha adui ulipo. Gobore liko nyuma zaidi ya hapo: lile la fataki bado linaishi katika wazo la Alexander Forsyth, mchungaji wa Uskoti, aliyechukua hataza mwaka 1807 kwa sababu ndege waliona cheche ya gumegume, bunduki ya kuwashwa kwa jiwe, wakaruka kabla risasi haijawafikia. Mchungaji mwenye hamu ya bata ndiye aliyeua gumegume. Lakini turudi kwenye bidhaa.

Ukucha ndio sababu ya kuitafuta bunduki hii. Ni ulimi mrefu wa chuma cha springi, unaolala ubavuni mwa bolti, yaani lile komeo, na kushikwa na pete. Bolti ikizunguka, wenyewe hauzunguki. Angalia kinachotokea ukiisukuma bolti taratibu: risasi ya juu inaanza kuchomoka kwenye midomo ya magazini, makalio yake yanapanda juu kwenye uso wa bolti, na ukingo wake unateleza chini ya ukucha. Kuanzia hapo imeshikwa. Haijaingia chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, bolti haijafungwa, ila tayari iko mkononi mwa mtambo.

Faida yake inaonekana mtu anapobabaika. Kwenye bunduki nyingi za kisasa kikamatio ni kidogo, kiko ndani ya uso wa bolti, na hakishiki risasi mpaka bolti ifike mwisho. Mwenye hofu akisukuma nusu, akasita, akavuta, risasi ya kwanza inabaki mdomoni mwa chemba. Akisukuma tena inapanda ya pili na kuigonga ya kwanza kwa nyuma. Umeziba, na nyati haombi udhuru. Mauser katika hali hiyo hiyo inairudisha risasi ya kwanza na kuitupa nje, kisha inachukua ya pili.

Kuujaribu ukucha hakuhitaji fundi. Hakikisha bunduki ni tupu, mdomo uelekee upande salama, kisha jaza risasi bandia tatu, zile zisizo na baruti wala fataki. Sukuma bolti polepole mpaka ya kwanza itoke magazini, halafu simamisha mkono. Laza bunduki ubavu, kisha ipindue juu chini. Risasi isidondoke. Vuta nyuma: iruke nje. Rudia mara 20, kumi polepole na kumi kwa kasi. Ikishindwa mara moja, safisha ukucha na urudie. Ikishindwa tena, usiinunue, au shusha bei kwa gharama ya fundi.

Hapa pana mtego unaowanasa waliozoea bunduki nyingine. Usitumbukize risasi moja kwa moja kwenye chemba kisha ukasukuma bolti kwa nguvu. Ukucha wa asili haukuchongwa kuruka juu ya ukingo wa risasi iliyokwisha ingia. Utakataa kufunga, au utakubali mara chache kisha ncha yake imeguke. Risasi zote zipitie magazini. Kuna mafundi wanaochonga ncha ya ukucha iwe na mteremko ili iweze kuruka, na wakiichonga kupita kiasi ndipo inapoanza kuachia maganda. Ukiona ncha yenye alama za tupa, rudia lile jaribio la mara 20 kwa jicho kali zaidi.

Kirusha ganda ni ulimi usio na springi ya kusukuma, uko kwenye kizuizi cha bolti upande wa kushoto. Nguvu ya kurusha inatoka mkononi mwako. Ukivuta kwa unyonge ganda linadondokea ndani ya mtambo, ukivuta kwa nguvu linaruka hatua tatu. Na ukivuta bila kufika mwisho, halirushwi kabisa. Ganda la .375 lina urefu wa milimita 72, hivyo safari ya bolti ni ndefu kuliko mkono uliozoea bunduki ndogo unavyodhani. Malalamiko mengi ya "Mauser inakwama" ni mkono ulioishia njiani.

Ulinzi wa gesi ndio uliompa Mauser heshima kwa mafundi. Maganda ya shaba ya zama zake yalipasuka mara kwa mara, na fataki zilitoboka. Alitoboa matundu mawili kwenye mwili wa bolti ili gesi ikiingia humo itokee kwenye mfereji wa kushoto, ipite palipokatwa ili kidole gumba kipate nafasi wakati wa kujaza risasi, na ile inayosalia ikutane na ukingo mpana ulioko nyuma ya bolti, igeuzwe isifike jichoni. Yeye mwenyewe alipoteza jicho la kushoto mwaka 1901 akijaribu bunduki nyingine, ya kujijaza yenyewe, si hii.

Kwa mtumiaji wa hapa maana yake ni moja: matundu yale yawe wazi. Grisi na vumbi la Tarangire vikichanganyika vinakuwa saruji, na tumekuta mashauri ya kupaka grisi nyingi kwenye bolti "isipate kutu". Usifuate. Chukua kijiti cha meno, pitisha kwenye matundu yote mawili, futa. Basi.

Bolti hujifunga kwa meno ya chuma. Jino la tatu, lile la nyuma kabisa, ni akiba tu: meno mawili ya mbele yakivunjika, ndilo linaloizuia bolti isimrudie mpigaji.

Sasa kasoro, na kuna za kuzaliwa na za kutengenezwa.

Ya kuzaliwa ya kwanza ni loki ya usalama. Ni kibawa kilicho nyuma ya bolti chenye nafasi tatu: kushoto inapiga, wima pini ya kugonga fataki imefungwa lakini bolti inafunguka, kulia vyote vimefungwa. Inashika pini yenyewe, si kifyatulio tu, na hilo ni zuri kuliko loki nyingi za leo. Tatizo ni kwamba ikisimama wima inagonga darubini iliyofungwa chini. Suluhisho ni kubadilisha kibawa kwa kile kilicholala, au kuachana na darubini. Kwa anayelinda wageni porini vilengeo vya chuma vinatosha kabisa. Hatari yake inakuja mita 15, wala si mita 150.

Ya pili ni kifyatulio cha hatua mbili: kwanza kinalegea, kisha kinakaza, kisha kinapiga. Wengi hukitoa na kuweka cha dukani, chepesi, chenye kisanduku kilichofungwa. Hatushauri hivyo kwa kazi ya vumbi. Kile cha Mauser kiko wazi, hakina skrubu ndogo ndani, uchafu unaingia na kutoka. Kisanduku kikijaa vumbi na mafuta yaliyoganda, kinaweza kisishike kabisa bolti inapofungwa.

Ya tatu ni jino la kushoto la mbele. Limepasuliwa katikati ili kirusha ganda kipite, na upande mmoja ni mwembamba. Likaguliwe hivi: toa bolti, ioshe kwa petroli ikauke, paka mafuta ya taa kwenye jino, subiri dakika kumi, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yatachora mstari mweusi juu ya chaki. Mstari ukionekana, bolti hiyo ni chuma chakavu. Usikubali kuuziwa bolti nyingine tu kwa bei ya kutupa: namba ya bolti na ya mwili zifanane, maana bolti ya bunduki nyingine inabadilisha nafasi ya risasi ndani ya chemba, na nafasi hiyo hupimwa kwa geji, haikadiriwi kwa macho. Fundi asiye na geji mshukuru, uondoke.

Kasoro za kutengenezwa ndizo zinazotufanya tushushe alama. Mtambo wa kawaida wa 98 ulipimwa kwa risasi ya jeshi, 8x57, na sanduku la magazini lake lina urefu wa milimita 84 hivi kwa ndani. Risasi ya .375 H&H, waliyoitoa Holland & Holland mwaka 1912, ina urefu wa milimita 91 na kidogo. Haiingii. Fundi anayeilazimisha hana pa kupata nafasi isipokuwa kwa kukata: anakata mbele, kwenye mteremko wa kupandishia risasi. Na upande wa mbele wa mteremko huo ndipo jino la chini linapoegemea. Umepunguza chuma mahali penye mzigo mkubwa, kwa risasi yenye nguvu kuliko ile ya mwanzo.

Upana nao una hesabu yake. Mauser alipanga risasi zigizaga, na ili kila moja ikae vizuri kati ya mbili za chini, upana wa sanduku uwe unene wa risasi mara 1.866. Kwa 8x57 yenye unene wa milimita 11.9 unapata 22 na kidogo. Kwa .375, iliyo na mkanda makalioni wa milimita 13.5, unahitaji 25. Sanduku likiwa jembamba risasi zinasimama mstari mmoja na kubanana, likiwa pana zinalala na ya juu haipandi. Uso wa bolti nao ulikuwa wa ukingo wa milimita 12, umepanuliwa kufika 13.5, na ukucha umenolewa upande wa ndani. Sehemu nne zimeguswa, kila moja kwa jicho la fundi. Zote nne zikiwa sahihi, una bunduki nzuri. Ni mara chache.

Kwa hiyo nenda na kipimo cha vernia. Pima sanduku kwa ndani: urefu usipungue milimita 92. Kisha angalia mteremko kwa tochi. Ukiona umekatwa mpaka umebaki ukuta mwembamba chini ya chemba, rudisha. Mitambo mirefu ya kweli ipo, Mauser walianza kuitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa maombi ya John Rigby wa London, na bei yake itakufanya ukae chini. Mingine ya viwanda vya baadaye, kama CZ 550 Magnum ya Ucheki, ilizaliwa na urefu huo pamoja na ukucha wa Mauser. Kwa mfuko wa kawaida huko ndiko pa kutafuta.

Kuna fundi mmoja aliyelielewa tatizo mapema kuliko wote. Otto Bock wa Berlin, mwaka 1905, badala ya kukata mtambo alitengeneza risasi inayoingia ndani yake: 9.3x62, yenye makalio yale yale ya milimita 12 na urefu unaotoshea sanduku la milimita 84. Alilenga walowezi wa Kijerumani Afrika, wenye Mauser za kawaida na wanyama wasio wa kawaida. Hakuna kilichokatwa, ndiyo maana 9.3 za zamani zinapandisha risasi kama maji. Kikwazo ni sheria. Kanuni inapoweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, 9.3, ambayo kwa kipimo hicho cha inchi ni .366, inabaki nje kwa robo ya milimita.

Winchester nao wana somo. Model 70 yao ya 1936 ilikuwa na ukucha wa Mauser. Mwaka 1964 wakauondoa kupunguza gharama, wateja wakapiga kelele kwa miaka, na hadi leo bunduki za "kabla ya 64" zinauzwa ghali. Miaka ya 1990 ukucha ukarudishwa. Ukikuta ya kati ya hapo, kwa swala na pofu ni bunduki safi, kwa kazi ya nyati siyo.

Kuhusu hali ya hewa yetu: asubuhi uko kwenye ukungu wa Meru, wiki ijayo uko kwenye vumbi la Tarangire. Mtambo unavumilia. Bolti ikivutwa nyuma kabisa inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, na wasiojua hudhani imechakaa. Huo ulegevu ndio unaoipa vumbi nafasi, na bolti inakaza inapofungwa tu. Kiangazi futa mafuta karibu yote, bakiza tone moja nyuma ya kila jino la mbele. Masika futa mtutu kwa nje kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na usiiache ndani ya begi la turubai lililolowa.

Kitako cha mbao ndicho dhaifu. Kinavimba kwenye unyevu, kinasinyaa kwenye ukavu, na vilengeo vinahama bila kuguswa. Pitisha ukanda wa karatasi ya daftari kati ya mtutu na mbao: upite bila kukwama. Nyuma ya mkia wa mtambo kuwe na mwanya wa karibu milimita moja. Chuma kikigusa mbao pale, teke la .375 linapasua kitako kuanzia hapo kwenda kwenye shingo, na ufa huanza mdogo kama unywele. Ukiuona, ujazwe gundi ya epoksi mapema. Skrubu mbili za chini zikaguliwe kila baada ya safari ndefu ya gari. Barabara ya mawe huzilegeza kuliko risasi.

Risasi zinunuliwe za kundi moja, 60 kwa kuanzia: 20 za kurekebisha vilengeo, 20 za mazoezi ya mkono, 20 za porini. Kichwa kiwe cha greni 300, yaani gramu 19.4. Hizo 20 za porini zipitishwe kwanza moja moja, kutoka magazini hadi chemba na kutoka nje, ukiwa uwanja wa shabaha na mdomo ukielekea kwenye tuta, kidole nje ya kifyatulio. Inayokaza kidogo bolti inapofungwa iwekwe kwenye boksi la mazoezi.